Kola ya Fundi Sikio

Kama uliwahi kuniona kwenye maonyesho ya pikipiki nikimrekebisha mume wangu kola ya koti kila baada ya dakika mbili, basi na wewe ulidanganywa. Wake wa wanachama walinitania kwamba miaka ishirini na saba ya ndoa na bado nambembeleza kama bwana harusi. Nilicheka nao. Mapenzi yalikuwepo, sikatai, lakini kola ilikuwa kazi.

Mume wangu ni fundi wa pikipiki, na chama chetu cha pikipiki za zamani kilimpa jina la Sikio kabla hajanioa. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho, halafu akakwambia vali ya kulia inavuja, wala hajalegeza hata skrubu moja. Wengine walidhani anatia chumvi. Wakafungua, wakakuta vilevile. Ndipo chama kikaweka sheria: Jumapili ya maonyesho hakuna pikipiki inayoingia kwenye msafara wa kuteremkia mjini mpaka Sikio aisikilize na kuifunga utepe mwekundu kwenye usukani. Tepe nakata mimi, maana ni mshonaji, kutoka mabaki ya vitambaa vya wateja.

Miaka miwili nyuma nilianza kuona mambo. Anaacha bomba la bafuni linamwagika, na yeye yumo humohumo ananyoa ndevu. Namuuliza kama atakula, ananijibu saa nne na nusu. Nilimfikisha hospitali kwa ugomvi. Daktari akasema sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki na nafuu kidogo. Ni kelele za karakana, miaka thelathini na mitano bila kuziba masikio. Tulipofika mlangoni kwetu akanishika mkono, akaniomba nisimwambie mtu, hata ndugu zangu. Nikaapa. Nilimwonea huruma, na kusema kweli, lile jina la Sikio nililipenda kuliko yeye mwenyewe.

Hivyo tukala njama. Yeye anafumba macho na bisibisi yake, mimi nasimama nyuma kidogo, upande wa kulia. Injini ikiwa sawa, natulia. Nikisikia kasoro, namshika kola, naye anafungua macho na kusema ipelekwe pembeni ikafunguliwe. Miaka yote niliyopakiwa nyuma yake nilikuwa najifunza milio bila kujua kwamba najifunza.

Jumamosi ile ya maonyesho ilipita vizuri. Pikipiki arobaini zilipangwa kwenye nyasi, na wanaume wazima wenye vitambi walipiga magoti wakisugua spoki kwa mswaki, kazi ambayo nyumbani hawaifanyi hata kwa sufuria. Mdogo wangu wa kiume alileta ile ya marehemu baba yetu, aliyoiunda upya kwa miaka mitatu. Kesho yake ingekuwa mara yake ya kwanza kwenye msafara, na siku nzima hakukaa chini.

Jumapili asubuhi upepo ukachana bango la chama. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye haombi bali anatuma, akaniita nilishone kabla wapiga picha hawajafika. Nilimwambia mume wangu, kwenye sikio la kulia, anisubiri. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa na pini mdomoni nilipoona foleni inasogea. Hakunisubiri. Watu walikuwa wamemzunguka wanamtazama, na mume wangu hajui kusimama mbele ya watu bila kuwapa walichokuja kukiona.

Niliporudi, utepe ulikuwa umeshafungwa kwenye pikipiki ya mdogo wangu, naye yuko juu yake, inanguruma. Na ndani ya mngurumo nikasikia ko, ko, ko, kutoka chini kabisa ya injini. Beringi ilikuwa imeliwa. Maana yake niliijua kwa sababu mume wangu ndiye aliyenifundisha: injini kama hiyo ikipata mzigo inaweza kukwama ghafla, na gurudumu la nyuma likasimama hapohapo. Barabara ya mjini inateremka kilomita nne, na upande mmoja ni korongo.

Nilimwendea mdogo wangu kwanza, nikamwomba azime. Akacheka. "Dada, Sikio ameshaipitisha. Wewe kashone."

Nikamwendea mume wangu, nikamshika kola. Nikaishika tena. Alielewa, niliona uso unamshuka. Akatazama watu, akatazama utepe, akautoa mkono wangu taratibu.

"Ni vali tu hiyo," alisema kwa sauti ya chini. "Ikipata moto itatulia. Usiniaibishe."

Katika ndoa yetu nimemchukia mume wangu kwa dakika moja tu, na ni ile. Mdogo wangu ni shemeji yake, aliyemfundisha mwenyewe kuendesha baiskeli, na alikuwa tayari kumwacha ateremke ule mlima kuliko kukiri. Halafu nikajiangalia na mimi. Tepe alizikata nani? Uongo huu tuliupika wawili.

Nikaenda kuufungua ule utepe. Fundo lilikuwa gumu, nikatumia meno. Mwenyekiti akaja kuuliza kulikoni, wanachama wakajaa. Mdogo wangu akazima injini kwa hasira.

"Dada, nimekukosea nini?"

"Shuka," nikamwambia. "Injini inagonga, na shemeji yako hakuisikia. Hasikii. Mwaka wa pili huu hasikii. Mimi ndiye niliyekuwa namsikilizia."

Mke wa mwenyekiti alitazama kola ya mume wangu, halafu akanitazama mimi, nikajua ameelewa. Mume wangu alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, sikio la kushoto likiwa upande wangu, bisibisi mkononi, anatabasamu kama mtu anayengoja kusimuliwa kichekesho kilichompita.

"Umesema nini, mke wangu?" akauliza.

Mpaka leo sijui kama kweli hakusikia, au alizisoma nyuso zote zile na alikuwa ananipa nafasi ya kusema jingine. Sijamuuliza. Jumanne walipofungua injini walikuta beringi imebaki vipande ndani ya oili. Mdogo wangu alikuja nyumbani kunishukuru, na mume wangu akatoka kwenda kukaa nje. Lakini hayo yalikuwa bado. Pale uwanjani ningeweza kusema nimekosea, nimechoka, ni jua, na wangenicheka tu.

Nilizunguka, nikasimama upande wake wa kulia, pale pangu pa siku zote. Nikamnyoosha kola, maana safari hii ilikuwa imepinda kweli. Halafu nikayasema yote tena, kwa sauti, ili asikie.