Aliyemleta Kiponda Chuoni

"Mimi siombi chuo. Vyuo ndivyo vitakavyoniomba mimi!"

Kiponda aliyasema hayo kanisani Kakuyuni, tena kwenye kipaza sauti, Jumapili ile alipoitwa mbele kupongezwa kwa A yake ya hisabati. Watu wakapiga makofi. Mamaye, Kahonzi, akapiga vigelegele vilivyowaamsha watoto wachanga wote waliokuwa wamelala, na baadhi ya wazee.

Na kweli nafasi ikaja: uhandisi wa ujenzi, katika chuo cha bara chenye jina la kutetemesha. Mwalimu Kasiva, aliyemfundisha hisabati, akampigia simu. "Kijana, ukienda kutafuta kazi, karatasi ya chuo kile itaingia ofisini kabla yako na kupewa kiti. Usichezee."

Siku hizo hizo binamu yake Ngumbao akaja likizo, akitokea chuo kimoja cha kibinafsi upande wa Kilifi. Huyu hakuwa binamu wa jina tu. Utotoni walikuwa na jozi moja ya viatu vya mpira: Kiponda alivaa cha kulia, Ngumbao, anayepigia kushoto, akavaa cha kushoto, na bado vijana wa Jilore walifungwa. Neno la Ngumbao, kwa Kiponda, halikuhitaji shahidi.

"Bara?" Ngumbao akacheka. "Ndugu yangu, kule watu husoma hadi wakasahau kuoga, na baridi inawaunga mkono. Utamaliza miaka mitano humjui jirani yako wa kitanda. Kwetu kuna timu, kuna kwaya, Jumamosi tuko ufuoni. Na mimi nipo."

"Na masomo je?" akauliza Kahonzi, akipukuchua mahindi.

"Shangazi, hesabu ni hesabu. Mbili na mbili haziwi tano kwa kuwa bahari iko karibu."

"Haziwi, mwanangu. Lakini kuna anayezijumlisha na kuna anayebahatisha."

Kiponda alipima siku tatu. Huku jina kubwa na upweke. Huku chuo ambacho hata waendesha boda walikuwa wakiulizana kiko wapi, lakini Ngumbao yumo. Siku ya nne ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuithibitisha nafasi ya bara. Akaiacha ipite. Nafasi haina subira, ikapewa mwingine.

Chuoni kwa Ngumbao timu aliikuta, ya wachezaji saba. Kwaya ilikuwa Ngumbao na redio yake. Mhadhiri mmoja alibeba masomo manne, na matatu alikuwa akijifunza pamoja na wanafunzi. Mwaka wa pili ikabainika kwamba kozi yenyewe haitambuliwi na bodi ya wahandisi. Kiponda akameza yote. Alijiambia, Ngumbao naye kadanganyika kama mimi. Tumezama, lakini tumezama wawili.

Mwezi wa Julai, Fridah, karani wa usajili, akamwita ofisini.

"Wewe una ulimi mtamu, kaka. Mbona hutuletei wanafunzi? Binamu yako anajipatia chake kila mwaka."

Ili amwonyeshe fomu hujazwa vipi, akafungua faili la Kiponda mwenyewe. Chini, penye nafasi ya *Aliyemleta*, palikuwa na jina la Ngumbao, saini ya Ngumbao, na muhuri mwekundu: AMELIPWA. Kiponda akaitazama tarehe ya kuandikishwa. Ilikuwa siku mbili kabla Ngumbao hajafika Kakuyuni. Jina lake lilikuwa limeshapelekwa chuoni wakati yeye bado hajaulizwa, hajapima, hajaacha chochote.

"Hulipwa kiasi gani?" akauliza, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Yategemea mwezi. Kichwa kimoja ni elfu tatu, ila Agosti tunashusha, maana wengi huja wenyewe. Wewe uliingia lini?"

"Agosti."

"Basi wewe ulikuwa elfu mbili na mia tano."