Kwenda Dubai Kuulizia Canton

Sikwenda Dubai kutembea wala kununua simu. Mama alinituma nikaulize kama kaka yangu Ghalib amekufa kweli.

Jumamosi, Mombasa, tulipata ujumbe wa sauti kutoka kwa Mzee Seif, aliyekuwa akisafirisha mizigo pamoja na kaka huko Dubai. "Ghalib amefariki Canton. Waislamu wa huko wameshamzika." Mama alisikiliza mara mbili, akakataa katakata. Ghalib wake alikwenda Guangzhou; huyo wa Canton ni Ghalib wa watu wengine. Nikamwonyesha kwenye simu kwamba mji ni ule ule. Akaisukuma. Kwetu habari ya msiba huletwa na mtu, tena uso kwa uso. Akakataza majamvi ya matanga yasitandikwe, na shemeji, mke wa Ghalib, akazuiwa hata kulia. Nilimkasirikia. Kisha nikaanza kumwamini, na hilo linanitia aibu hadi leo.

Alhamisi asubuhi nilitua Dubai. Nikapanda treni, nikabadilisha, nikashika laini ya kijani hadi Al Qusais. Njia nzima nilijidanganya: labda yuko hospitali, labda simu yake imeibwa.

Saa nne nilifika kwenye ghala lao la mizigo. Mzee Seif, Mzanzibari mwenye ndevu nyeupe, alinikalisha juu ya robota la vitambaa.

"Mbona umejisumbua, mwanangu? Si nilishasema?"

"Mama anataka kujua Canton ni wapi."

Akaelewa. "Lahaula! Nimempa mzazi tamaa kwa ulimi wangu."

Akanieleza polepole. Wareno walilichukua jina la jimbo, Guangdong, wakaupachika mji kwa matamshi yao. Waingereza wakalipokea, likawa Canton. Wachina wenyewe wanasema Guangzhou. "Mie nilikuwa karani wa meli. Makaratasi yote yaliandikwa Canton, nikazeeka nalo. Hata ndege hazijaliacha, tazama."

Akaleta begi la Ghalib, lililorudishwa na mwenzake wa safari. Kwenye mkono wa begi ilining'inia karatasi ya uwanja wa ndege: CAN. Chini yake, kwa mwandiko wa kaka, jina letu la ukoo.

"Khalas, yamekwisha, mwanangu. Mji ni mmoja."

Nililia kwa sauti, wapakiaji wakasimamisha kazi. Mama akapiga simu mara tatu. Sikupokea.

Ijumaa mchana nilirudi Mombasa. Mama alikuwa mlangoni. Alipoliona begi, akakaa chini palepale. Majamvi yakatandikwa, shemeji akaingia edani.

Niliondoka nikidhani nakwenda kutafuta ukweli. Ukweli tulikuwa nao tangu Jumamosi. Mama alikuwa ananunua siku, na jina lile la Waingereza ndilo lililomuuzia.

Baada ya hitima aliniita chumbani. Hakulia.

"Ungekaa huko wiki moja zaidi," aliniambia, "ungepungukiwa na nini?"