Saa ya Jikoni kwa Mama Angel

Tulinagwe, ambaye foleni nzima ya malori pale Tunduma inamwita Mama Angel, alikuwa akilipa mishahara ya mgahawa wake kutoka mfuko wa aproni. Leo huyu anaomba ya sabuni, kesho yule kapata mgeni, na mwisho wa mwezi kila mtu anaapa hajapokea kitu. Mwezi ule waligombana mpaka wateja wakahama meza. Dada Gwalugano, mpishi wake, alisema kwa upole huku akikatakata vitunguu, "Mama Angel, likitokea tena hili, mimi navuka mpaka. Nakonde kuna mtu ananitaka jikoni kwake."

Tulinagwe alijua madereva hawaji pale kufuata viti. Wanafuata supu ya makongoro ya Gwalugano.

Basi alipotokea Ipyana kutoka Mbeya, shati limenyooka, akinadi huduma ya kulipa mishahara kwa simu, alikaribishwa kama mkwe.

"Mfanyakazi akifika anabonyeza hapa kwenye simu yake, akitoka anabonyeza tena. Masaa yanajihesabu yenyewe, mama. Mwisho wa mwezi kila mtu anaingiziwa chake."

"Na ukikosea huo mtambo?"

"Mtambo haukosei. Anayekosea ni binadamu."

Angel, aliyekuwa mgongoni kwa mama yake, alikuwa ameshamkamata Ipyana kola. Tulinagwe akambandua vidole kimoja kimoja, akakubali kujaribu mwezi mmoja.

Mwezi ukaisha, simu zikalia. Ya Aliko, mhudumu mwenye ndevu zake ambaye hata harusi yake mwenyewe alichelewa, ilimpongeza kuwa mfanyakazi bora. Ya Gwalugano ilimwonya kwamba anatoroka kazini kabla ya muda, na kwamba amekatwa mshahara.

Aliko aliusoma ujumbe wake kwa sauti. Kisha akawasomea na wateja.

"Shikamoo, mfanyakazi bora," Gwalugano akamwambia. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka mezani. "Mama Angel, nakwenda kufunga mizigo."

"Dada, ngoja kwanza. Mwenye mtambo nimemwita, yuko njiani."

"Nitangoja supu iive. Supu haina kosa."

Ipyana alipofika wakamketisha jikoni, nyuma kabisa, karibu na karo la vyombo. Gwalugano akamwekea bakuli bila kumtazama usoni. Ipyana akaeleza kwa kirefu jinsi mtambo usivyoweza kumwonea mtu, huku akichungulia simu yake kwa sababu ya basi la mwisho la Mbeya. "Bado muda upo," akasema, akaomba bakuli la pili.

Aliposhiba akaaga. Kufika mlango wa mbele akaitazama tena simu, akasimama kama aliyegonga ukuta. Ilikuwa imeruka mbele saa moja nzima. Basi lake lilishaondoka zamani.

"Lakini kule jikoni nimeangalia sasa hivi."

"Kule nyuma simu inashika mtandao wa Zambia," akasema dereva mmoja huku akinyonya mfupa. "Wenzetu wako nyuma saa moja. Wewe supu umeinywea Nakonde, kijana."

Tunduma nzima inalijua hilo, na hakuna aliyekuwa amelifikiria. Hapo Tulinagwe akaona kila kitu. Gwalugano hufungua mlango wa mbele alfajiri, anabonyezea pale pale; jioni hubonyezea karoni, akimaliza masufuria. Kila siku Zambia ilimmega saa nzima. Aliko, ili asionekane kachelewa, huingilia nyuma na kubonyezea huko, kisha jioni hutokea mbele ametunisha kifua kama mwenye mgahawa.

"Hamna huduma ya kutuma mishahara tu, bila kuhesabu masaa?" Tulinagwe akauliza.

"Ipo, mama. Tena ni rahisi zaidi."

"Mbona hukuitaja?"

"Hukuuliza, mama."

Akaichagua hiyo. Na Ipyana hakuruhusiwa kwenda kutafuta lifti ya lori mpaka simu ya Gwalugano ilie na kile alichokatwa kirudi chote.

Gwalugano akasoma polepole, akaichukua aproni yake mezani. "Haya, navaa. Ila masufuria ya leo aoshe mfanyakazi bora."

"Mimi saa yangu ya kutoka imeshafika," Aliko akasema, akionyesha simu.

Gwalugano akamshika mkono. "Twende karoni tukaiangalie vizuri."