Vema ya Ijumaa

Mwaka nilioitwa mwalimu bora wa mahudhurio katika kata yetu, upande wa Kharumwa, nilipewa cheti na blanketi. Picha yangu ikarushwa kwenye kundi la wasapu la walimu, wenzangu wakanitania: "Mama Blanketi, hongera, usitucheke sisi wa shuka!" Nilicheka nao. Nilijua nilivyoipata hiyo sifa, na bado nilicheka.

Tuzo zilitolewa Ijumaa. Mgeni rasmi angekagua madaftari ya mahudhurio, na mimi nina kiherehere, sipendi kuonekana mzembe. Jumatatu ya wiki ile nilikaa na kalamu nikawawekea vema darasa la sita zima, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mkupuo. Nani hafanyi? Ndivyo nilivyojiambia. Jumatano niliona dawati la karibu na dirisha lina mtoto mmoja badala ya wawili. Niliona kabisa. Nikasema atakuwa na homa, nikaendelea na hesabu.

Jumatatu iliyofuata mama wa yule aliyekosekana akaja. Alikuwa anapika chakula cha kuuza machimboni, anarudi nyumbani mwisho wa wiki tu. Binti alibaki na bibi ambaye kumbukumbu zilishamwishia. "Mwangaluka, mwalimu," akaniamkia Kisukuma, kisha akauliza kama binti yake yuko darasani, maana nyumbani hayupo. Mwalimu mkuu akachukua daftari langu, akapitisha kidole.

"Ijumaa alikuwepo," akasema, akanitazama.

Ningesema pale pale. Jamani, neno moja tu! Lakini cheti changu hata wino haujakauka. Nikatikisa kichwa kukubali.

Polisi wakaanzia Ijumaa. Waliuliza bodaboda wa Ijumaa, wenye maduka wa Ijumaa. Siku chache baadaye mwenzake wa dawati akaninong'oneza kwamba alimwona Jumanne, akipanda gari la kwenda mjini Katoro na mama mmoja mgeni aliyemwahidi kazi. Mtoto wa watu aliniambia mimi, mwalimu wake. Nikamwambia akacheze.

Binti hajaonekana hadi leo. Jina lake lilishaondolewa daftarini, lakini nikiita majina asubuhi, nikifika pale lilipokuwa, nasikia "Nipo." Wallahi nasikia, na wanafunzi wananiangalia nikitafuta pa kuweka vema. Najichukia.

Mama yake bado huja shuleni. Hana ugomvi na mimi, na hilo ndilo linaloniua. Muhula huu alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyemwona mwisho. Ijumaa ile kulikuwa na baridi. Alivaa sweta?"

"Alivaa, mama."

Akashusha pumzi, akanishukuru sana. Nami nikamwongezea kwamba alikuwa anacheka.