Mlima wa Stima

Alhamisi, tarehe 30 Novemba 1995. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umeshuka hadi uani mwa hoteli, mlima hauonekani hata kidogo.

Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari, na chini yake mstari mmoja tu: "Bwana yangu ameshika chuma dakika ya kumi na saba." Sikuongeza kitu. Sasa najaribu kuandika yaliyobaki, ingawa sina hakika kwamba nakumbuka yote kwa mpangilio wake, na shule yangu iliishia darasa la saba kule Wamagana. Nikisema jambo la mtu mwingine nitajaribu kulisema kama lilivyokuwa, hata kama halinipendezi.

Nilifanya kazi ya dobi katika hoteli moja ya Nanyuki. Bwana yangu alikuwa pota wa hoteli hiyo hiyo, maana yake alibeba mizigo ya wageni waliopanda mlima kupitia lango la Sirimon. Alikuwa amebeba miaka kumi na minne. Ni mtu mkubwa, mabega mapana, mzito kuliko mapota wengine wote, na mzigo ambao wenzake waliugawa mara mbili yeye aliuchukua peke yake. Hakuwa na maneno mengi. Akirudi nyumbani alikuwa akivua viatu na kuniambia theluji imefika wapi, basi.

Mashine ililetwa na meneja. Aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa akihama, akaiweka kwenye chumba kilicho karibu na chumba cha dobi ili wageni wapate mahali pa kufanyia mazoezi mvua ikinyesha. Ni mkanda mweusi mpana unaozunguka kwa mota. Unatembea juu yake na hutoki mahali ulipo. Mbele kuna vitufe viwili. Kimoja ni cha spidi, cha kuzungusha kama cha redio. Kingine kinainua kichwa cha mashine, hata mkanda ukawa mteremko na wewe unapanda. Mapota walipoiona waliangalia mlima dirishani, wakaangalia mashine, wakacheka mpaka mmoja akaketi chini. Waliiita mlima wa stima, yaani wa umeme.

Msimu wa Agosti mwaka huo pota wetu mmoja alikuwa ameishiwa na nguvu huko juu, akashushwa kwa machela, na wageni wakaandika barua ya malalamiko. Meneja hakumfukuza mtu. Alisema tu kwamba kabla ya msimu wa Desemba kila pota atatembea kwenye mashine dakika ishirini, mzigo mgongoni, kichwa cha mashine kikiinuliwa kidogo kidogo mpaka namba kumi na tano, spidi tatu na nusu bila kubadilika. Atakayesimama au kushika vyuma vya pembeni hatapanda. Karatasi ilibandikwa ukutani. Wengine walimlaumu, lakini mimi naona alitaka kuzuia mtu asife, na sheria ilikuwa moja kwa wote.

Mimi ndiye niliyewekwa kwenye vitufe. Alisema najua kusoma saa na kwamba sina upendeleo. Maneno hayo yalinifurahisha sana. Nadhani yalinifurahisha kupita kiasi.

Fundi aliyekuja kuifunga alitufundisha kuipima. Unabandika kipande cha plasta nyeupe ukingoni mwa mkanda, unashika saa, unahesabu plasta imepita mara ngapi kwa dakika moja. Kwenye tatu na nusu ilitakiwa ipite mara ishirini. Nilihesabu kila asubuhi, mashine ikiwa imelala tambarare na hakuna mtu juu yake, na kila asubuhi ilikuwa ishirini. Fundi alituambia pia kwamba mtu mzito hukandamiza mkanda kwa mguu na kuuchelewesha, na ndiyo maana mota hunguruma. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba ni kweli. Kwa hivyo sote tuliamini kwamba mtu mkubwa kama bwana yangu ameonewa huruma na ile mashine kabla hata hajapanda.

Siku hiyo ya manyunyu vijana watatu walitangulia, wote wembamba, wote wakamaliza. Mmoja alikuwa akiimba. Kisha akapanda yeye. Meneja alisimama mlangoni na saa yake, mimi na yangu. Dakika za mwanzo mota ilikuwa ikinguruma kila alipokanyaga, kama fundi alivyosema. Niliinua kichwa cha mashine kidogo, nikainua tena. Ilipofika dakika ya sita hivi, mteremko ukiwa mkali, mota ilinyamaza. Haikuzimika. Mkanda ulikuwa unaenda, lakini ile sauti ya kuvuta haikuwepo tena.

Niliisikia. Nataka niliandike hili wazi. Nyumbani kwetu Wamagana barabara ni za kupanda na kushuka, na mtu anayevuta mkokoteni wa kabichi akifika mahali pa kushuka, havuti tena, mkokoteni ndio unamsukuma, naye anaegemea nyuma kuuzuia. Kelele za magurudumu hubadilika. Mota ilibadilika namna hiyo. Nilitazama kitufe, kilikuwa kwenye tatu na nusu. Nikaacha mkono wangu pale pale.

Dakika ya kumi na nne hivi aliniangalia. Jasho lilikuwa likimwingia machoni.

"Mama, hii kitu inaniacha," akasema.

"Iko tatu na nusu," nikamjibu.

Alitembea mpaka dakika ya kumi na saba, miguu ikawa inaenda nyuma haraka kuliko anavyoirudisha mbele, akashika chuma. Meneja alisema pole, na nadhani alimaanisha. Nilizima mashine, nikaandika kwenye fomu. Wale vijana hawakuwa wabaya, walikuwa vijana tu. Mmoja alimwambia, "Mzee, hata mlima ya stima imekukataa, sasa hii ya mawe itakuambia nini?" Mwingine akaniuliza mimi kama nitampunguzia ugali ama nitamwongezea. Bwana yangu alicheka nao. Alitua mzigo taratibu kama kawaida yake, kwa sababu hata mzigo wa mawe ya kupimia yeye hakuutupa.

Alipewa kazi ya kupasua kuni za meko ya vyumba vya wageni. Mshahara haukupungua sana, kwa hivyo siwezi kusema tuliumizwa hapo. Lakini aliendelea kuamka saa kumi ya alfajiri kama mtu anayepanda, anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mpaka kupambazuke. Siku ya tatu aliniuliza, bila kunitazama, kama nimewahi kumsikia akihema vibaya usingizini. Nikasema hapana. Akasema, "Mwili ukiisha hausemi." Siku ya tano alimpa kijana aliyekuwa akiimba viatu vyake vya mlimani. Siku ya sita alisema kaka yake wa Wang'uru anahitaji mtu wa kuangalia maji kwenye mashamba ya mpunga, kule ni tambarare, na kwamba ataenda baada ya Krismasi. Sisi tungebaki kwa ajili ya shule ya watoto wetu wawili. Nilisema sawa. Nilikuwa nikikunja blanketi. Nakumbuka nililikunja vizuri, kona kwa kona, na sikuwa na kitu chochote ndani yangu, si huzuni wala hasira. Labda nilikuwa nimechoka. Sijui.

Jumamosi ya wiki iliyofuata mpishi wetu mkuu, mama mmoja mnene mwenye kelele, alikuja kwenye chumba cha mashine baada ya kumaliza staftahi ya wageni. Alipenda kupanda pale wakati meneja ameenda mjini. Alisema anataka ile ya mapota, namba kumi na tano, aone kama wanaume wanalia bure. Nikamwinulia. Baada ya muda mfupi mota ikanyamaza.

Plasta ya asubuhi ilikuwa bado iko kwenye mkanda. Nikashika saa. Nilihesabu ishirini na nne.

Nilidhani nimekosea, kwa sababu mimi hukosea hesabu. Nikamwomba asishuke. Nikahesabu mara ya pili, ishirini na nne. Mara ya tatu karibu ishirini na tano.

"Wewe unahesabu pumzi zangu ama madhambi yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia ashuke. Mkanda ukiwa mtupu, kwenye mteremko ule ule, plasta ilipita mara ishirini na moja. Ukiwa tambarare, ishirini. Ndipo nikaelewa, kama kweli nimeelewa. Kwenye tambarare mtu mzito huuzuia mkanda. Kwenye mteremko uzito wake wenyewe huuvuta mkanda kwenda nyuma na chini, mota haiwezi kuushika, nao unamkimbia. Kadiri ulivyo mkubwa, na kadiri ulivyobeba, ndivyo unavyokimbizwa. Fundi hakutudanganya. Alitueleza ya tambarare, sisi tukaipima mashine tambarare bila mtu, halafu tukawapima watu kwenye mteremko na mizigo.

Wale vijana wembamba walitembea karibu spidi ya kwenye karatasi. Bwana yangu hakutembea spidi hiyo. Mpaka leo sijui yake ilikuwa ngapi, kwa sababu hakuna aliyeihesabu.

Meneja aliporudi nilimweleza. Singemlaumu kama angenifukuza chumbani. Hakunifukuza. Alivua koti, akapanda mwenyewe, naye ni mwembamba, nikamhesabia. Akamwita mpishi, akahesabu yeye. Kisha akakaa kwenye benchi.

"Siku ile ulijua?"

"Sikujua. Nilisikia mota imenyamaza."

"Na hukusema."

"Alikuwa bwana yangu," nikasema.

Akasema ati angekuwa mtu mwingine ningesema. Nilifikiria, nikamwambia ndiyo, nadhani ningesema. Nilitaka kumwambia pia kwamba angekuwa mtu mwingine labda ningepunguza hata spidi kwa kitufe. Hilo sikulisema, na nalisema hapa.

Alichukua kalamu, akaongeza kwenye karatasi ya ukutani kwamba plasta ihesabiwe mtu akiwa juu na mzigo wake, kila kichwa cha mashine kinapoinuliwa, na spidi ipunguzwe mpaka irudi ishirini. Walioshindwa walikuwa wawili, bwana yangu na pota mwingine aliyepimwa baada yake. Wote wawili wangerudia Jumatatu.

Nilimwambia bwana yangu siku hiyo hiyo, hapo kwenye kuni, kwa sababu niliona nikingoja nitatafuta maneno ya kujisaidia. Alikuwa ameinua shoka, akalishusha polepole, akaegemea mpini. Nilimweleza plasta, mpishi, ishirini na nne. Nikamweleza kwamba niliisikia mota.

"Ilinyamaza dakika ya ngapi?"

"Ya sita, hivi."

Alihesabu kwa vidole, mimi nikimtazama.

"Basi nilienda nayo dakika kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Na nilikuambia."

"Uliniambia."

Aliangalia shoka. Nilingoja anitukane na hakunitukana. Alisema Jumatatu atapanda, lakini mimi nisiwe kwenye kile chumba, wala kwenye kitufe wala kwenye saa. Nikasema ni haki. Akasema, "Sijasema ni haki. Nimesema tu usiwe." Akainua shoka tena.

Jumatatu nilikuwa chumba cha dobi, ng'ambo ya ukuta. Mashuka ya vyumba vya ghorofa ya juu yalikuwa yameletwa, nikayapiga pasi. Mota ilisikika mwanzoni, kisha ikanyamaza kama nilivyojua itanyamaza, na baada ya hapo nilisikia hatua zake peke yake, na mara kwa mara sauti ya meneja akitaja namba. Viatu vilikuwa vya kuazima, nilitambua kwa mlio. Sikutazama saa. Nilipiga pasi shuka moja mara mbili bila kujua.

Hatua zilikoma. Baadaye alitokea mlangoni pa chumba cha dobi, shati limemganda mwilini, mkono mmoja kwenye fremu.

"Nimemaliza," akasema.

Nikasema vizuri. Alisimama kidogo kama mtu aliyesahau alikuwa anaenda wapi, kisha akarudi kwenye kuni, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha. Wiki hiyo alipangiwa kupanda na wageni wanne. Habari ya Wang'uru haikutajwa tena. Yule pota mwingine alishindwa hata kwa mkanda uliorekebishwa, na hilo nalo ni lazima niliandike, maana nilikuwa nimetaka mashine iwe na makosa yote.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa mwadilifu siku ile au nilikuwa naogopa kuonekana. Nikijibu namna moja naona najisifu, nikijibu namna nyingine naona natafuta kuonewa huruma. Yeye hajawahi kuniuliza. Aliendelea kubeba mlimani, akirudi anavua viatu, lakini habari za theluji alianza kuwaambia watoto, nami nikazisikia nikiwa jikoni.

Jioni hiyo ya Jumatatu nilikaanga githeri, mahindi na maharagwe yaliyobaki jana yake, kwa kitunguu na viazi viwili. Chai ilikuwa ya rangi kwa sababu maziwa yalikwisha. Watoto walitaka waongezwe, akawaongeza kutoka kwenye sahani yake, tukala mpaka sufuria ikaisha.