Mama Maswali na Kumi kwa Kumi za Fundi

Saa mbili asubuhi, muuguzi anaingia chumba namba nne, kalamu mkononi. "Haya Fundi, huu mwezi gani?"

Fundi viatu, mgonjwa wake, anamtazama kwanza mkewe aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Kisha anajibu, na anapatia.

Wodini muuguzi huyu wanamwita Mama Maswali. Ana miaka kumi na tisa ya uuguzi, mitatu ya mwisho katika wodi hii ya vitanda sita. Asubuhi na jioni huuliza yaleyale: mwaka, mwezi, uko wapi, hiki ni nini, hesabu kurudi nyuma, andika sentensi yako ya kila siku. Kwa jumla alama kumi. Wanawe humtania kwamba hata chumvi haombi mpaka akuulize tarehe.

Wagonjwa wake wana saratani ya damu iliyozishinda dawa nyingine. Seli zao za kinga hutolewa, hufundwa upya maabara kuitambua saratani, kisha hurudishwa mwilini.

"Ni kama kuajiri walinzi wakali," anasema. "Mwizi watamkamata, lakini kwa fujo zao wanaweza kuvunja na mlango wa jirani."

Jirani huyo ni ubongo. Vurugu ikizidi kwenye damu, ukuta unaoukinga ubongo huanza kuvuja, na mtu akapotelewa na maneno.

Je, huingia ubongoni seli zenyewe au kemikali zinazotoa tu? Amemuuliza daktari mpaka daktari akamchoka. "Leo ni kemikali. Kesho ananiambia seli nazo zimeonekana kwenye maji ya uti wa mgongo. Nikabaki njia panda."

Lakini kilichomvuruga zaidi ni siku hii ya sita ya Fundi tangu arudishiwe seli. Karatasi inasema kumi kwa kumi. Mbona basi Fundi anachota uji kwa mpini wa kijiko?

Anaitazama tena sentensi yake: "Viatu vya watu vinaningoja dukani." Ameikuta imeshaandikwa. Herufi za Fundi siku zote hulala kushoto kama mlevi, na hizi zimesimama wima kama askari wa gwaride. Kwa dakika nzima muuguzi anajiuliza nani hasa humu ndani amechanganyikiwa.

Anamwomba mke akalete maji, kisha anainua kalamu. Hiki nini?

"Ufunguo," anasema Fundi.

Kuhesabu kurudi nyuma kunaishia mia, mia, mia. Sentensi inageuka mstari mmoja uliopinda, ukatoka nje ya karatasi mpaka kwenye shuka. Muuguzi anamwita daktari mbio, na dawa za kutuliza uvimbe zinaanza saa ileile.

Mke anarudi na jagi, anakuta chumba kimejaa watu, anaelewa. Siku mbili amekuwa akimnong'onezea mumewe majibu, na sentensi ameandika yeye.

"Nilisikia huko koridoni kwamba akifeli anaondolewa kwenye matibabu," anasema. "Nikaona, dada, mume wangu hafeli mimi nikiwa hapa."

"Wifi, huu si mtihani wa shule. Kosa lake ndilo linaloniambia ubongo umeguswa. Ukilificha, tunampoteza."

Muuguzi anasema hakujua acheke au alie. Hasira zake nyingi zilimrudia mwenyewe: ameuliza maswali miaka mitatu, na ndugu wa wagonjwa hakuwahi kuwaeleza vizuri ni ya nini.

Siku ya tisa, muuguzi alipoinua kalamu, Fundi alimwangalia kwa huruma. Alisema ni kalamu, akataka kujua itamchukua muuguzi siku ngapi kulishika jina hilo.

Sasa Fundi anarudi nyumbani, na bado atahitaji kuchungwa kwa wiki kadhaa. Mpango wa Mama Maswali ni kuwakalisha ndugu chini kabla seli hazijarudishwa mwilini, awaeleze mpaka waelewe. Ameanza na huyu mke, amemkabidhi karatasi ya maswali.

"Na akikosea?"

"Usimsaidie hata neno. Nipigie simu."

Mke anaikunja karatasi mara mbili, anaikunjua tena.

"Hapo umenipa kazi, dada," anasema. "Miaka ishirini na mbili, sentensi zake namalizia mimi."