Mama Anayesikiliza Injini

Ilianza Jumamosi, saa kumi kasorobo alasiri. Nilikuwa natoka mashineni na ndoo ya unga kichwani, nikasimama nje ya gereji hapa Bomani, nikijifanya nafunga kamba za kiatu. Ndoo kichwani, nafunga kiatu! Nani angeamini?

Fundi wa pale ni mama wa makamo. Anaunda injini za pikipiki za mashindano: pikipiki mbili, barabara ya vumbi iliyonyooka, atakayetangulia kufika mwisho ndiye bingwa. Vijana wanatoka mpaka Mugumu kumfuata. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, kuona anafanya nini ndani ya hizo injini. Lakini kumwomba, tena mbele ya vijana wale, maneno yanagoma kutoka.

Siku hiyo aliwasha injini mpya, akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma cha injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Vijana wakasogea karibu.

"Unasikia nini?"

Sauti ilikuwa yangu. Wakageuka wote.

"Shikamoo," nikasema haraka.

"Marahaba."

"Shikamoo," nikarudia, sijui kwa nini.

Wakacheka. "Huyu kaja kusalimia au kuuza unga?"

"Mwacheni mwanangu," mama fundi akasema. "Tua ndoo, njoo usikie."

Nikaweka mpini sikioni. Kwanza nilisikia ngurumo tupu. Halafu, ndani ya ngurumo, kitu kidogo: tik, tik, tik, kama ukucha kwenye sufuria.

"Kuna kitu kinagonga."

"Valvu hiyo. Imelegea."

"Ukiifungua, naomba nione."

Mwenye pikipiki akadakia, "Si ufungue sasa hivi, mama? Kesho jioni nashindana!"

"Mura, kijana wangu, tulia. Chuma cha moto kimevimba, ukikipima kinakudanganya. Ilale ipoe mpaka asubuhi." Akanigeukia. "Na wewe uwahi. Nikianza, simsubiri mtu."

Asubuhi ya Jumapili! Mimi niko kwaya, ibada ya kwanza. Nikasonga ugali nikiwaza, mwishowe nikamwambia mama yangu nitaimba ya pili, nataka kwenda kuona injini.

"Injini ya nani?" Akanitazama sana.

"Ya mama fundi."

"Haya. Lakini hayo mafuta usiniletee kwenye sare ya kwaya."

Kesho yake asubuhi nilikuta gereji imefungwa, nikakaa juu ya tairi kuukuu nikasubiri. Mama fundi alipofika aliniita ndani. Alifungua kifuniko cha juu cha injini, akatoa wembe mpya, akaupenyeza katikati ya vyuma viwili vidogo vya valvu.

"Ukipita bure, imelegea. Ukikwama, imebana. Tunataka upite huku unasugua." Akaniwekea spana mkononi. "Kaza kidogo, halafu vuta wembe."

Nikakaza, nikavuta. Ukapita bure. Nikakaza tena, kidogo sana, nikavuta polepole, nikausikia unasugua. Nikamuuliza valvu ya pili iko wapi.